Namna ya Kumwona Gatsby Akiimba

Kisome kitabu kwanza. Naanza hapo kwa sababu ndipo wengi wanapoponyokea. Riwaya ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, ina sura tisa tu. Mtu mwenye kazi, watoto na simu isiyonyamaza anaimaliza kwa jioni chache. Usiniambie umeiona filamu ya 2013 aliyocheza Leonardo DiCaprio. Usiniambie pia uliisoma shuleni, maana najua vitabu vya shule vinavyosomwa: muhtasari, majibu ya mtihani, na orodha ya wahusika iliyokaririwa usiku wa kuamkia karatasi ya fasihi.

Anayeingia ukumbini bila kitabu kichwani ataona magari, mavazi na watu wanaopendana, na ataondoka amefurahi. Lakini raha kubwa ya tamthiliya ya muziki iliyotokana na riwaya maarufu imo katika kile kilichobadilishwa: nani amepewa wimbo, nani amenyimwa, tukio gani limehamishwa, na kwa nini. Raha hiyo haiuzwi mlangoni. Unatoka nayo nyumbani.

Kwa ufupi, ili twende pamoja. Ni kiangazi cha 1922, Long Island, karibu na jiji la New York. Nick Carraway, kijana aliyetoka majimbo ya kati ya Marekani, amepanga kijumba West Egg, jirani na kasri la Jay Gatsby, tajiri ambaye mji mzima unakula chakula kwenye sherehe zake na hakuna anayejua fedha zake zimetoka wapi. Ng'ambo ya maji, East Egg, anakaa Daisy, ndugu yake Nick, mke wa Tom Buchanan mwenye mali ya kurithi. Gatsby alimpenda Daisy miaka mitano nyuma, alipokuwa askari asiye na kitu, na zile sherehe zote ni chambo cha kumvuta avuke maji. Tom naye ana hawara, Myrtle, mke wa George Wilson, mwenye gereji maskini katika bonde la majivu kati ya vitongoji vya matajiri na jiji. Zaidi ya hapo sisemi. Ukitaka kujua nani anakufa, sura tisa zinakungoja.

Ukishasoma, hakikisha unanunua tiketi ya Gatsby unayemtaka, kwa sababu mwaka 2024 walikuwapo wawili. Mmoja alianzia Paper Mill Playhouse, Millburn, jimbo la New Jersey, mwaka 2023, akafika Broadway na kufunguliwa rasmi tarehe 25 Aprili 2024. Muziki ni wa Jason Howland, maneno ya nyimbo ya Nathan Tysen, hati ya Kait Kerrigan, na mwongozaji ni Marc Bruni. Mwingine, Gatsby: An American Myth, alionyeshwa mwaka huo huo na American Repertory Theater huko Cambridge, Massachusetts, kwa muziki wa Florence Welch na Thomas Bartlett, na mwongozaji Rachel Chavkin. Kutokea kwao pamoja hakukuwa bahati. Riwaya ilichapishwa Aprili 1925, na sheria ya hakimiliki ya Marekani iliilinda kwa miaka 95. Tarehe 1 Januari 2021 ulinzi ukaisha, na tangu siku ile yeyote anaweza kumwimbisha Gatsby pasipo kumwomba mtu ruhusa wala kulipa senti. Watunzi waliokuwa wakingoja mlangoni wakaingia.

Kinachoniuma ni kwamba mwandishi mwenyewe hakuonja hata chembe ya haya. Fitzgerald alipofariki Desemba 1940, nakala za toleo la pili, lililokuwa la nakala 3,000 tu, zilikuwa bado ghalani hazijauzwa. Kilichokiokoa kitabu ni vita: jeshi la Marekani liliwagawia askari wake takribani nakala 155,000 za bure, toleo dogo la kutia mfukoni, na walipokuwa wakingoja amri ya kusonga mbele wakakisoma. Kumbuka hilo utakapoona foleni ya Broadway ikizunguka kona ya mtaa.

Hapa nazungumzia Gatsby wa Broadway.

Habari ya tiketi. Kiti kizuri cha katikati Jumamosi usiku kinaweza kupita dola 200, na mwenyeji uliyefikia kwake, hata awe dada wa tumbo moja, hapaswi kubebeshwa mzigo huo kwa sababu umekuja kumtembelea. Lipa mwenyewe, au tafuta nafuu. Pale Times Square, chini ya ngazi nyekundu, kuna kibanda cha TKTS kinachouza tangu 1973 tiketi za siku hiyo hiyo kwa bei iliyopunguzwa, mara nyingine hadi nusu. Utapanga foleni, utasimama, utaambiwa bei, na una haki ya kuondoka. Nenda Jumanne au Jumatano. Wikiendi kila mgeni wa jiji yuko pale. Zipo pia tiketi za bahati nasibu mtandaoni, na zile chache zinazouzwa asubuhi kwenye dirisha la ukumbi wenyewe. Usinunue kwa kijana anayekufuata barabarani akikuonyesha picha kwenye simu. Si kila mchangamfu ni mwenyeji wako.

Kiti cha juu si aibu. Tamthiliya hii ina dansi nyingi, iliyopangwa na Dominique Kelley, na dansi ya watu wengi inaonekana vizuri zaidi kutoka juu, unapoweza kuona mistari inavyofumuka na kukutana tena. Walioko mbele kabisa wanaona jasho la waigizaji, na jasho nalo lina thamani yake, ila wanakosa ramani. Mimi nachagua juu, katikati, safu za mbele.

Fika mapema uutazame ukumbi. Broadway Theatre, pembeni ya mtaa wa 53, ulifunguliwa Desemba 1924 kama jumba la sinema, miezi michache tu kabla ya riwaya kutoka, kwa hiyo jengo na kitabu ni rika moja. Humo ndimo filamu ya Mickey Mouse, Steamboat Willie, ilimoonyeshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1928. Na jukwaa lile limezoea riwaya. Les Misérables, iliyotokana na kitabu kikubwa cha Victor Hugo cha 1862, ilianzia hapo safari yake ya Broadway mwaka 1987. The Color Purple ya Alice Walker ilifunguliwa hapo 2005. Doctor Zhivago ikafunguliwa hapo Aprili 2015 na haikumaliza mwezi mmoja. Jina la kitabu halimwokoi mtu. Riwaya kubwa ikiletwa jukwaani bila sababu ya kuimba, watazamaji wanajua ndani ya nusu saa, na tiketi zinaacha kununuliwa.

Sasa adabu. Hapa wenzangu wa pwani nisikilizeni kwa makini, kwa sababu sisi tumelelewa na taarabu. Katika taarabu mstari ukikugusa unainuka, unakwenda mbele kwa mwendo wa taratibu, unamtuza mwimbaji noti, na yule uliyemkusudia pale ukumbini anajua kwamba amesemwa. Ni desturi nzuri na naipenda kwa moyo wote. Kule Broadway desturi hiyo haipo. Noti yako iache kwenye pochi, hata Daisy akiimba jambo ambalo shemeji yako aliyekaa safu ya pili alistahili kulisikia. Makofi yanapigwa wimbo ukiisha, na hapo piga kwa nguvu, piga vigelegele ukiweza, hakuna atakayekukataza. Watu wale wanaonyesha mara nane kwa wiki na makofi ndiyo tuzo yao. Katikati ya wimbo, kimya. Usiimbe nao. Jirani yako amelipia sauti ya walioko jukwaani. Simu izimwe kabisa: ule mwanga wa kioo unaonekana mpaka jukwaani. Peremende zenye karatasi ya kelele zimenywe kabla taa hazijazimwa.

Kuna mtazamaji mmoja mwenye kero kuliko mwenye peremende, naye ni yule aliyetii agizo langu la kwanza kupita kiasi. Amekisoma kitabu, amekipigia mistari, na kila baada ya dakika tano anamwinamia mwenzake kunong'ona kwamba kwenye riwaya haikuwa hivyo. Ndugu yangu, ni kweli haikuwa hivyo. Wote waliosoma wanajua, na wasiosoma hawakukuuliza. Weka hesabu yako moyoni mpaka mapumziko.

Basi ukiwa umekaa, simu imezimwa na mdomo umefungwa, tazama nini? Mtazame Nick.

Riwaya yote ni sauti ya Nick. Hatumwoni Gatsby, tunamwona Gatsby wa Nick. Hatumjui Daisy, tunajua alichokisikia Nick katika sauti ya Daisy. Uzuri wa kitabu umo katika namna Nick anavyosimulia, anavyohukumu huku akisema hahukumu, anavyopenda na kuchukia kwa pumzi moja. Chukua hadithi ile bila usimulizi wake, na kinachobaki ni tajiri wa magendo, mke wa mtu na ajali ya gari. Kwa hiyo kila anayempeleka Gatsby jukwaani lazima ajibu swali moja: msimulizi nimweke wapi? Owen Davis alilijibu mapema, alipoifanya riwaya kuwa tamthiliya ya Broadway mwaka 1926, hata mwaka haujatimia tangu itoke. Kikundi cha Elevator Repair Service cha New York kilitoa jibu la ushujaa: katika onyesho lao liitwalo Gatz, mfanyakazi wa ofisini anaokota kitabu na kukisoma chote kwa sauti, neno kwa neno, na onyesho pamoja na mapumziko linachukua takribani saa nane. Hakuna sentensi ya Nick iliyotupwa.

Tamthiliya ya muziki haiwezi kufanya hivyo, na haipaswi. Wimbo una sheria yake: anayeimba anasema ya moyoni mwake kwa kinywa chake mwenyewe. Mara Gatsby anapofungua kinywa kuimba, Nick amepoteza kazi. Tunamsikia tajiri wetu moja kwa moja, na lile fumbo lililomfanya awe Gatsby linapungua. Jeremy Jordan, aliyekuwa Gatsby wa kwanza wa tamthiliya hii, ana sauti ya kupasua paa, na unapoisikia unaamini kabisa mapenzi yake. Tatizo ni hilo hilo. Katika kitabu hatuna hakika kama Gatsby anampenda Daisy au anaipenda picha aliyoichora mwenyewe kwa miaka mitano, na shaka hiyo ndiyo damu ya riwaya.

Mahali pa kuliona jambo hili waziwazi ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Gatsby na Daisy wamekutana tena kwenye kijumba cha Nick, kwa chai, siku ya mvua. Katika riwaya tukio hili liko sura ya tano, katikati kabisa ya kitabu, na Fitzgerald anafanya jambo la ukatili mtulivu: Gatsby anamtajia Daisy ile taa ya kijani iliyo kwenye gati lake, taa aliyoitazama usiku baada ya usiku, na papo hapo Nick anawaza kwamba sasa, Daisy akiwa amesimama karibu naye, taa ile imekuwa taa tu. Furaha imefika na kitu kimepungua. Jukwaani, mahali pale pale, taa ya kijani inakuwa wimbo mkubwa wa mapenzi wa watu wawili, okestra inapanda, pazia linashuka, na ukumbi unalipuka kwa makofi. Nilipiga makofi pia, kwa sababu wimbo ni mzuri na waimbaji walistahili. Hata hivyo katika shauri hili nasimama na kitabu. Muziki umechagua ndoto pale riwaya ilipochagua kuipima ndoto, na ulichokipata hakilingani na ulichokiacha.

Lakini sheria ile ile ya wimbo inalipa mahali pengine, na hapa nakuomba utulie kabisa. Daisy wa riwaya ni mwanamke anayetazamwa. Wanaume wanamgombea, msimulizi anamhukumu, na yeye hapewi ukurasa wa kujieleza. Katika sura ya kwanza anasema jambo moja la uchungu kuhusu binti yake mdogo: kwamba anamtakia awe mjinga, kwa kuwa katika dunia ile ujinga ndio kinga ya mwanamke. Msomaji analipita akiwa bado hajamjua Daisy vizuri. Waandishi wa tamthiliya wamelichukua neno hilo, wamelivusha hadithi nzima, na kulifanya wimbo wa Daisy karibu na mwisho, baada ya damu kumwagika, wakati amekwisha kuchagua upande wake. Eva Noblezada, aliyeanzisha nafasi hiyo, aliusimamisha ukumbi. Neno lililokuwa kejeli ya mwanamke tajiri sasa limekuwa ungamo. Kuhamisha jambo ni kazi ya mfasiri wa kweli wa jukwaa, na kwa wimbo huo mmoja nawasamehe mengi.

Watazame pia Myrtle na George Wilson. Kitabuni ni watu wa bonde la majivu wanaoonekana kupitia dirisha la gari la wengine, na juu yao kuna bango la macho makubwa ya daktari wa macho, T. J. Eckleburg, yasiyo na uso. Jukwaani maskini hawa wamepewa nyimbo zao wenyewe, na ghafla hadithi ya matajiri inakuwa na watu wanaoilipia gharama. Hilo ni jema kabisa. Meyer Wolfsheim, mshirika wa Gatsby katika biashara ya pombe iliyokuwa marufuku Marekani kuanzia 1920 hadi 1933, amefanywa bosi wa genge anayecheza dansi na anafungua sehemu ya pili kwa wimbo; ile picha ya dharau dhidi ya Myahudi aliyoichora Fitzgerald imeachwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeililia. Penzi la Nick na Jordan Baker, rafiki yake Daisy, nalo limepewa nafasi kubwa kuliko kitabuni. Linachekesha, linapita.

Kinachonisumbua ni sherehe. Riwaya inazisimulia sherehe za Gatsby kwa mvuto na kwa simanzi, wageni wanalewa, hawamjui mwenyeji, wanamsengenya wakiwa mezani pake, na siku ya msiba hawaonekani. Tamthiliya inazipenda sherehe hizo. Magari yanaingia jukwaani, fataki zinapasuka kwenye picha za nyuma, na mavazi ya Linda Cho yanameremeta mpaka unasahau kupumua. Mwaka 2024 kazi hii iliteuliwa katika kipengele kimoja tu cha tuzo za Tony, ubunifu wa mavazi katika tamthiliya ya muziki, na ikashinda. Waamuzi hawakukosea upande wowote. Ndiyo maana utaona watazamaji wamekuja na shanga, manyoya na mikanda ya kichwa ya miaka ile ya 1920, tayari kwa karamu. Vaa upendavyo, dada. Kanga ya doti nayo ina heshima yake katika ukumbi ule. Ila ukivutwa na sherehe, jiulize swali ambalo riwaya inauliza: anayelipa ni nani, na nani atakuja kuzika?

Mapumziko ni dakika 15. Anayehitaji choo atoke kabla taa hazijawaka kabisa, hasa wanawake, kwa sababu foleni yao katika majengo ya 1924 ni mtihani wa subira. Asiyekihitaji afungue kijitabu cha Playbill, kinachotolewa bure mlangoni. Ukikuta ndani yake kikaratasi kinachosema kwamba nafasi ya mwigizaji fulani leo inachukuliwa na mwingine, usinune wala usidai fedha. Waigizaji wa akiba wa Broadway hukariri nafasi kadhaa na hupata taarifa saa chache kabla ya pazia. Mtu aliyengoja miezi kupewa jukwaa kwa usiku mmoja anaimba kana kwamba hatapewa tena. Mara nyingi wewe ndiye uliyepata.

Ukitoka, usiseme hukumu yako kwenye ngazi. Nenda na wenzako mahali pa kula, agizeni, kisha ongeeni: nani alipewa wimbo, nani alinyimwa, ulikosa nini, ulipewa nini ambacho kitabu hakikukupa. Aliyesoma amsimulie asiyesoma. Kesho yake irudie sura ya tano na ile ya mwisho, na utaona kwamba Nick amekungoja palepale ulipomwacha.

Na hapa nina neno kwa watu wa jukwaa wa kwetu, Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Wamarekani wamechukua riwaya ya sura tisa wakaijengea okestra. Sisi tunayo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa 1971, yenye msichana ambaye jamii nzima inamhukumu na ambaye anastahili kuimba mwenyewe. Tunayo Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, Zanzibar ya enzi za mkoloni, Yasmin na Denge, mapenzi na siasa mtaa mmoja. Amil Shivji ameshaifanya filamu, mwaka 2021, na ikafika tamasha la Toronto. Taarabu tunayo, ngoma tunazo, waimbaji tunao, na watazamaji wanaojua kuinuka na kutuza tunao. Kaombeni ruhusa kwa wenye haki za vitabu hivyo, lipeni kinachostahili, halafu mtuandikie nyimbo. Tiketi yangu nitanunua kwa bei kamili.